Moja Kumi na Saba

5 Juni 1993
Redio imetangaza kwamba msimu wa mvua umeanza rasmi. Imekuwa ikinyesha tangu Jumatano, lakini nadhani ilikuwa haina kibali.

Darasani wamekuja wanne kati ya saba. Miaka thelathini iliyopita chumba hiki kilijaa watoto sitini, na mlio wa shanga za soroban, fremu yetu ya vijiti ya kuhesabia, ulisikika hadi kituo cha treni. Sasa watoto wana vikokotoo vya mfukoni, na mimi nina wastaafu. Leo nimemsifu Bi Hatsuno, muuza tofu, ile jibini ya soya, kwa kujumlisha bila kosa. Akanijibu: "Mwalimu, mimi nakuja hapa nisisahau majina ya wajukuu. Hizo hesabu utajua mwenyewe."

7 Juni
Kuhani Aoto amekuja na mwavuli uliovunjika ubavu. Ni kijana mchangamfu, anaongea na kila mtu kana kwamba ndiye aliyemngoja siku nzima. Paa la ukumbi wa hekalu linavuja, kwa hiyo wameshusha mbao zote zilizotundikwa humo. Watu wengine hutundika picha za farasi wakiomba watoto wafaulu mitihani. Watu wa kazi yetu, tangu zama za mababu, hutundika hesabu. Ukishatundika yako unangoja, na mwenye jibu hutundika lake chini ya ubao wako.

Ubao wetu umeliwa na maji, herufi zimefifia. Anataka nizipitie upya kwa wino kabla ya sikukuu ya tarehe 25 Julai.

"Kwa nini mimi?"

"Jina lako limo, Mwalimu. Na hao wengine sijui niwapate wapi."

Kweli hatawapata. Ubao unasema hivi: *Moja kumi na saba zikipangwa safu moja, 11111111111111111, ni namba ambayo chini ya milioni tatu haina kigawo isipokuwa moja. Tumejaribu zote zinazofaa. Mwaka wa theluji kuu. Kageyama Junsaku na wanafunzi watano.* Chini yake yamo majina yetu matano. Mwalimu Kageyama alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Kati ya wale watano, wawili wamekufa na wawili walihamia Osaka, ambako nadhani ni karibu vilevile, maana hawaandiki. Nimebaki mimi, Nishikori Tamotsu, miaka hamsini na miwili. Sikuoa. Si kwa kukataa; foleni ilipita nikiwa nahesabu.

8 Juni
Nimekwenda kwa Mama Fusae, mjane wa Mwalimu, kuomba madaftari ya ile hesabu ili wino wangu usipotoshe neno. Ana miaka themanini na mitatu. Nimemkuta kwenye baraza la nyuma akitia plamu chumvi, mikono imekunjamana kuliko plamu zenyewe.

"Tamo, umekonda."

"Nimenenepa kilo tatu, Mama."

"Basi umenenepa vibaya. Kaa ule."

Macho yake yanazidi kufifia, kwa hiyo ananihukumu kwa sauti ya hatua zangu. Nikamwambia habari ya ubao. Akaacha plamu, akafuta mikono taratibu. "Afadhali. Nilidhani nitakufa ubao umeoza. Siku ya sikukuu nataka unipeleke niushike. Nitausoma kwa kidole."

Nikaahidi. Akanipa madaftari sita, yamefungwa kitambaa, yananuka dawa ya nondo.

10 Juni
Mvua. Wanafunzi wawili.

11 Juni
Mvua. Mwanafunzi mmoja, naye alikuja kuniaga hadi mvua iishe.

12 Juni
Nimefungua daftari la tano, ambalo ni langu. Mwandiko wa kijana aliyejiona sana! Kila saba nimeipigia mkia kama ya mkuu wa wilaya.

Ule mwaka wa 1963 theluji ilifunga milango ya mji mzima. Hatukuweza kwenda popote, ndipo Mwalimu akatuletea moja kumi na saba. Alikuwa na kanuni ya kupunguza kazi: hakuna haja ya kujaribu namba zote. Jaribu namba tasa tu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Na kati ya hizo, zile tu ambazo ukizigawanya kwa thelathini na nne inabaki moja. Nyingine haziwezi kabisa. Hata hivyo hadi milioni tatu zilikuwa zaidi ya elfu kumi na tatu. Akakata mafungu sita ya laki tano tano. La kwanza akachukua mwenyewe. La tano, kuanzia milioni mbili, likawa langu.

Tulikaa wote sita kuzunguka meza moja yenye jiko la makaa chini yake, miguu imegusana. Sijawahi kuwa na joto kama lile tena.

13 Juni, Jumapili
Chakula cha mchana kwa Mama Fusae, kama kila Jumapili. Mvua.

14 Juni
Kwa kuwa hakuna wa kufundisha, nimepata upuuzi wa kufanya: kila siku nagawanya ishirini na mbili kati ya namba za daftari langu, kwa mpangilio uleule. Ubao hauhitaji hilo. Mimi ndiye ninayehitaji. Nikiweka shanga kumi na saba, moja juu ya kila kijiti, nasikia kama watu wanaingia chumbani na kupangusa theluji viatuni.

17 Juni
Ishirini na mbili.

18 Juni
Arobaini. Sikuwa na kingine.

20 Juni, Jumapili
Nimemwambia Mama Fusae kwamba nazirudia zile hesabu. Akacheka hadi akakohoa. "Mwanaume mzima! Wenzako wanacheza gofu."

"Gofu inataka jua, Mama."

"Na mke anataka nini? Mvua?"

Nikanywa supu yangu.

24 Juni
Lazima niandike leo taratibu.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye namba 2071723. Nikaweka moja zangu kumi na saba, nikaanza kugawanya. Sisi hatukuwa tukiweka jibu la mgawanyo kwenye vijiti. Mwalimu alisema hatuna kazi nalo, tunatafuta baki tu, na vijiti vyenyewe havitoshi. Kwa hiyo unapunguza, unapunguza, namba inaliwa kutoka kushoto, na mwishoni kunabaki kitu kidogo upande wa kulia. Ukikiona, unachora duara kwenye daftari, maana yake *imebaki, haigawanyiki*, halafu unafuta shanga zote na kuanza namba nyingine.

Nikafika mwisho. Vijiti vilikuwa vitupu.

Nilifikiri nimezigusa kwa mkono wa shati. Nikaanza upya. Vitupu. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikagawanya polepole kama namfundisha Bi Hatsuno. Vitupu. Nikatoa soroban ya pili kabatini, nikaiweka ubavuni kupokea jibu, nikagawanya mara ya nne. Jibu likatoka: 5363222357. Baki hakuna.

Bado sikuamini. Nikafanya kinyume: nikazidisha. 2071723 mara 5363222357. Kwa muda mrefu vijiti vilikuwa fujo, saba hapa, nne pale, sifuri, tisa. Nilipofika kwenye tarakimu za mwisho zikaanza kujinyoosha. Mwishowe shanga kumi na saba zilisimama, moja kila kijiti, kimya, kama wanafunzi mwalimu anapoingia.

Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo maishani mwangu.

Nikafungua daftari la tano. 2071723: duara. Safi, la mviringo mzuri, mkono wangu. Kando yake kuna doa la supu.

Sikumbuki siku ile. Lakini najua ilivyokuwa, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa soroban peke yake anaweza kulifanya. Namba iliyogawanyika sawasawa inaacha vijiti vitupu. Vijiti vilivyokwisha kufutwa navyo ni vitupu. Mama Fusae aliita chakula, nami nikanyanyuka wakati uleule shanga ya mwisho iliposhuka. Niliporudi nikaiona fremu tupu, nikajiambia, ah, hii nimeshaifuta. Nikachora duara.

Elfu kumi na tatu na zaidi. Ilikuwamo moja tu. Ilikuja mikononi mwangu, ikasimama mbele yangu, nami nikaenda kunywa supu.

25 Juni
Mvua. Sijagawanya chochote.

26 Juni
Nimegawanya tena. Vitupu.

27 Juni, Jumapili
Nilikusudia kumweleza baada ya chakula. Nikamweleza kabla, nikiwa bado nimesimama, mwavuli mkononi, maji yananichuruzika sakafuni.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo ubao ni wa uongo?"

"Kosa ni langu, Mama. Fungu la tano lilikuwa langu."

"Nimekuuliza ubao."

"Ubao... si sahihi."

"Jina la nani liko mbele?"

Nikauweka mwavuli chini.

"Miaka thelathini watu wanapita pale. Wanasema, Kageyama hakuwa na kitu, alikula viazi, lakini hesabu yake haikukosea. Mimi nimekula maneno hayo, Tamo. Yamenishibisha. Sasa amelala kaburini hawezi kushika soroban akakujibu, ndiyo wewe unakuja kumsahihisha?"

"Sikuja kumsahihisha yeye."

"Tia wino. Tia wino kama ulivyoambiwa, utundike, unyamaze. Hilo linakushinda?"

Nikasema sijui. Lilikuwa jibu baya kuliko yote niliyoweza kutoa. Akageukia jiko. Nikangoja kuambiwa nikae. Sikuambiwa.

28 Juni
Mvua.

30 Juni
Nimempelekea biskuti za mchele. Mlango umefungwa, na viatu vyake viko nje. Nikaziacha kizingitini.

1 Julai
Biskuti ziko palepale, zimelowa.

4 Julai, Jumapili
Nimekula tambi za pakiti. Nimegundua kwamba nazungumza na birika. Si maneno mengi, ni "haya, chemka" tu, lakini ndivyo inavyoanza.

6 Julai
Bi Hatsuno amepitia na tofu. "Mwalimu, umekosana na Mama Fusae?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Kasema nikuletee tofu na nisikwambie kwamba ni yeye."

Nilikula kipande chote nimesimama. Kisha nikaenda kwake. Mlango bado umefungwa.

9 Julai
Niandike na hili, maana daftari lisilo na aibu si daftari.

Ubao uko mezani kwangu tangu wiki iliyopita. Katika maandishi yetu tatu ni mistari mitatu iliyolala, na mbili ni mistari miwili. Maji yamekula mstari wa katikati wa ile *milioni tatu*, umebaki kivuli. Nikitia wino mstari wa juu na wa chini, nikauacha ule wa katikati, ubao utasema: chini ya milioni mbili hakuna kigawo. Na hiyo ni kweli kabisa! Mwalimu atakuwa sahihi. Mama Fusae atafungua mlango. Mimi nitakuwa sikukosea kamwe. Hakuna hata tone la wino wa uongo litakalotumika.

Ila fungu la sita, la mwenzetu Sugihara, aliyegawanya vidole vikiwa na vidonda vya baridi, halitakuwa limewahi kufanywa. Na majira yale ya baridi yatakuwa mafupi kwa theluthi moja.

10 Julai
Nimechovya brashi mara tatu, nikaiosha mara tatu.

12 Julai
Kuhani Aoto amekuja kuangalia kazi. Nimeshatia wino kila neno isipokuwa hilo moja. Akainama hadi pua ikagusa mbao.

"Mwalimu, hapa sioni vizuri. Ni mbili au tatu?"

Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza saa. Mvua ilipiga bati, naye akangoja huku akitabasamu, nami nikajua kwamba lolote nitakalosema ndilo litakalokuwa, kwa sababu duniani hakuna mwingine wa kumuuliza.

"Tatu," nikasema.

"Haya, tatu."

Nikachora mstari wa katikati mbele yake. Akasema umetoka vizuri, umezeeka kama ile mingine.

13 Julai
Basi ubao ni wa uongo tena, mweusi kabisa. Sasa lazima utundikwe wa kwangu chini yake, kama desturi inavyotaka. Nimenunua kipande cha mbao ya mierezi. Kosa langu na vigawo vyangu viwili, basi.

14 Julai
Nilikuwa nimeshachovya brashi nikajiuliza: hicho cha pili, 5363222357, chenyewe kinagawanyika? Haifai kutundika jibu nusu. Nikahesabu miaka itakayonichukua, nikaanza kujihurumia vizuri sana, ndipo nikasimama ghafla nikamwaga wino.

Kama hicho cha pili kinagawanyika, basi kigawo chake kidogo lazima kiwe chini ya elfu sabini na nne, maana elfu sabini na nne mara yenyewe tayari inakizidi. Na chochote kinachokigawanya hicho kinagawanya pia moja kumi na saba. Na kila kitu kilicho chini ya elfu sabini na nne kilikwisha kujaribiwa! Kimo kwenye fungu la kwanza. Daftari la kwanza. Mwandiko wa Kageyama Junsaku mwenyewe.

17 Julai
Siku tatu nimerudia kurasa zake hadi elfu sabini na nne, namba mia nne na hamsini na kitu. Kila moja imebakiza. Mwalimu hakukosea hata mara moja. Hata doa la supu hana.

18 Julai, Jumapili
Mlango wa Mama Fusae. Viatu nje. Nikapiga hodi, sikujibiwa. Nikakaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye mlango, ubao wangu mpya magotini.

"Mama, sitaki chakula. Nataka kukusomea kitu."

Sauti ya kisu jikoni ilikoma.

Nikasoma: "*Jibu kwa Mwalimu Kageyama. Moja kumi na saba ni 2071723 mara 5363222357. Kigawo cha kwanza kilikuwa katika fungu langu, nilikigawanya nisikione. Cha pili ni namba tasa, na anayelithibitisha hilo ni Mwalimu mwenyewe katika fungu la kwanza, ambalo nimelipitia lote hadi elfu sabini na nne na halina kosa. Mwanafunzi wake, Nishikori Tamotsu.*"

Hatua zikaukaribia mlango.

"Hilo la mwisho umeliandika kunifurahisha," sauti ikasema, karibu sana, upande wa pili wa mlango.

"Ningetaka kukufurahisha ningechora mistari miwili."

Nikamweleza habari ya mistari. Nikamweleza na elfu sabini na nne, mara mbili, maana mara ya kwanza alisema nakimbia. Mara ya pili akauliza: "Kwa hiyo wewe ulikipata, na yeye akakifunga."

"Ndiyo, Mama."

"Bila yeye usingejua kama kazi imekwisha."

"Ningegawanya hadi nife."

Mlango ukafunguka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. "Alipotundika ule ubao," akasema, "alikuwa akienda hekaluni kila mwezi kuangalia kama kuna aliyejibu. Anarudi, anavua viatu, haniambii kitu. Miaka kumi na moja." Akashika ubao wangu, akapitisha kidole kwenye jina la mumewe, kisha kwenye langu. "Umechelewa, mpumbavu wewe."

Kisha akaniambia nikaushe miguu kabla sijamchafulia mikeka.

21 Julai
Mvua. Redio inasema mpunga wa bondeni hautakomaa.

25 Julai, Jumapili
Sikukuu. Manyunyu tu, watu wengi. Nilimpandisha Mama Fusae ngazi za hekalu kwa nusu saa, akinilaumu kwa kila ngazi kana kwamba ndimi niliyezijenga. Kuhani Aoto alikuwa hajatundika mbao ili Mama aweze kuzishika. Akazisoma kwa kidole, ule wa juu kisha wa chini, taratibu, watu wamepanga mstari nyuma yetu wakidhani kuna kitu kinagawiwa.

Bi Hatsuno akasoma kwa sauti. "Mwalimu! Yaani wewe ndiye uliyekosea? Na mimi unanirudisha kwa kosa la tarakimu moja?"

"Hilo langu pia lilikuwa moja tu, Bi Hatsuno."

Mbao zikapandishwa, wa Mwalimu juu, wangu chini. Watu waliangalia kidogo, wakaenda kununua pweza wa kuchoma. Tukabaki wawili chini ya paa jipya.

"Kwa hiyo hakuna tena cha kugawanya," akasema Mama Fusae.

"Hakuna, Mama. Imekwisha."

Akafikiri. "Kesho utafanya nini?"

Niliona chumba changu, meza, birika.

"Ongeza moja," akasema.

"Kumi na nane zinagawanyika kwa tatu. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Basi ongeza mbili! Lazima nikufundishe kazi yako?"

26 Julai
Mvua. Moja kumi na tisa. Kanuni sasa ni ya thelathini na nane badala ya thelathini na nne, na namba ya kwanza inayofaa ni 191. Mama Fusae amekuja na mto wake wa kukalia, anasema nimtajie kila baki kwa sauti, naye atakariri, kwa kuwa mimi siaminiki.

191: imebaki 84.